Swema na Wenzake: Waliofika Kanisani kwa Njia ya Msafara

Deni lilikuwa la mtama. Mjane mmoja wa Kiyao, katika nchi iliyo kusini mwa mto Ruvuma, alikopa nafaka kwa jirani ili yeye na binti yake wasife njaa. Mumewe, aliyekuwa mwindaji, aliuawa na simba. Kisha wakaja nzige, njaa ikafuata, na baada ya njaa maradhi. Watoto wengine wakafa, akabaki mmoja tu, msichana aitwaye Swema, aliyezaliwa yapata mwaka 1855. Mama akalima, lakini mavuno hayakutosha kulipa. Mdai akavumilia kwa muda, mpaka msafara wa wafanyabiashara kutoka pwani ulipopiga kambi karibu na kijiji chao. Siku hiyo akataka chake. Kwa kuwa mjane hakuwa na kitu, akachukuliwa mtoto, akauzwa kwa dhiraa chache za kitambaa cha amerikani.

Tunaposoma habari za biashara ya watumwa, macho hukimbilia bunduki, moto na vijiji vilivyovamiwa usiku. Hayo yalikuwapo, na yalikuwa mengi. Lakini wengi walifika bandari ya Kilwa kwa njia hii ya kimyakimya, njia ya njaa na deni. Mwenye ghala la chakula mwaka wa ukame alikuwa na uwezo juu ya uhai wa jirani yake, na mjane asiye na kaka wala mjomba karibu hakuwa na wa kumtetea barazani. Aliyemdai mama yake Swema alikuwa mtu wa nchi hiyohiyo. Aliyenunua alikuwa Mwarabu wa pwani. Kitambaa kilitoka Marekani, na pembe za ndovu zilizobebwa na msafara ule zilikuwa na wanunuzi katika miji ya mbali ambako hakuna aliyewahi kulisikia jina la Ruvuma. Katika mnyororo mrefu kiasi hicho, kila mmoja alishika pingu yake moja tu, na kila mmoja aliweza kujiambia kwamba kosa ni la mwingine.

Mama hakukubali kuachwa nyuma. Aliomba naye achukuliwe, abebeshwe mzigo kama mpagazi, mradi awe karibu na mwanawe. Wakamkubalia, maana mabega ya bure hayakataliwi. Lakini chakula kilikuwa kidogo, njia ilikuwa ndefu, na mwanamke aliyekwisha kudhoofishwa na njaa na vilio hakuweza kwenda mwendo wa msafara. Akaanguka. Wakamwacha njiani afe, na binti yake akasukumwa aendelee kutembea. Swema alikumbuka siku ile kwa maisha yake yote, na kila kitu kilichompata baadaye, hata imani yake, kilipita katika siku ile.

Kilwa Kivinje ndiko misafara ya Wayao ilikoishia. Kutoka hapo watu walipakiwa majahazini, wamebanana hata mtu asiweze kunyoosha miguu, wakavushwa hadi Unguja. Katika miaka ya 1860, wakati wa Sultani Majid, watumwa waliopita Unguja kila mwaka walikadiriwa kuwa kama 20,000. Kila aliyeshushwa mzima alitozwa ushuru forodhani. Ndiyo maana wageni waliofika kisiwani miaka ile waliandika kwa uchungu kuhusu wagonjwa walioachwa ufukoni, kwa kuwa hakuna aliyependa kumlipia ushuru mtu atakayekufa kesho.

Swema alikuwa mmoja wa waliohesabiwa hasara. Alipofika Unguja alikuwa amekonda, hana nguvu hata za kusimama, na mwenye mali akaona hatapona. Akaviringishwa katika mkeka, akapelekwa makaburini, akafukiwa shimo fupi, angali anapumua. Simulizi lake linasema wanyama walikuja usiku kufukua. Alilia kwa sauti iliyobaki, na kijana mmoja mzaliwa wa kisiwa cha Réunion, aliyekuwa akipita jirani, akaisikia. Akafukua mchanga, akamtoa, akambeba hadi kwenye nyumba ya misheni ya Kikatoliki.

Nisimame kidogo hapa kwenye kisiwa cha Réunion, kwa sababu hakikuingia katika habari hii kwa bahati. Réunion ilikuwa koloni la Ufaransa, lenye mashamba ya miwa yaliyolimwa na watumwa, na wengi wao au wazee wao walitoka pwani hii yetu na Msumbiji. Utumwa ulifutwa huko tarehe 20 Desemba 1848. Mwaka uliofuata, padre Frédéric Levavasseur na mwanamke wa kisiwa hicho, Aimée Pignolet de Fresnes, walianzisha shirika la masista lililoitwa Mabinti wa Maria. Shirika hilo lilifanya jambo ambalo wakubwa wa kisiwa hawakulizoea, yaani kuwapokea pamoja, katika nadhiri moja na meza moja, wanawake waliozaliwa huru na wanawake waliokuwa watumwa. Mapadre wa kwanza wa misheni ya Unguja walipofika mwishoni mwa mwaka 1860, wakiongozwa na padre Armand Fava, waliandamana na masista wa shirika hilo. Mwaka 1863 kazi ikakabidhiwa kwa mapadre wa Shirika la Roho Mtakatifu, wakiwa na padre Anton Horner kutoka Alsace. Kwa hiyo mtoto aliyetolewa kaburini aliwekwa mikononi mwa wanawake waliotoka kisiwa kilichojua minyororo, wa shirika lililoanzishwa mwaka mmoja tu baada ya minyororo hiyo kukatwa. Hili nalipa uzito kuliko mahubiri yote yaliyohubiriwa Unguja miaka ile.

Misheni ilikuwa na hospitali na karakana, na watoto wengi walionunuliwa sokoni au kuletwa kama Swema. Alipopona aliwasaidia masista kuhudumia wagonjwa, akajifunza sala na katekisimu. Kwa nje alikuwa mtoto mtulivu, mwenye shukrani. Ndani alikuwa na mama yake aliyeachwa njiani, na uso wa mtu aliyetoa amri aachwe.

Siku ambayo ingepima kila alichofundishwa haikukawia. Waliletwa hospitalini Waarabu waliojeruhiwa katika mapigano. Swema alikuwa hapo akisaidia kuwaosha na kuwafunga vidonda, akamtambua mmoja wao. Alikuwa yule bwana wa msafara, aliyemnunua, na aliyeamuru mama yake aachwe njiani. Sasa amelala chini, anaugua, anahitaji maji na kitambaa safi, na mwenye kumpa ni mtoto wa mwanamke yule.

Simulizi halifichi kwamba chuki ilimpanda. Alitetemeka, akataka kuondoka. Sista aliyekuwa naye hakumkemea wala hakumwambia asahau. Alimwonyesha kwamba kuna njia ya kumpenda hata huyu, na kwamba Yesu mwenyewe aliipita njia hiyo alipowaombea waliomsulubisha. Kila anayejiandaa kubatizwa hufundishwa Baba Yetu mapema, na katika sala hiyo kuna ombi moja lenye sharti: tunaomba kusamehewa kwa kadiri tunavyosamehe. Watu wengi hulipita ombi hilo kwa haraka. Swema hakuweza kulipita. Alipambana nalo kwa sala, akarudi kwa mgonjwa, akamhudumia. Ndipo baadaye akabatizwa, akapewa jina la Madeleine.

Kuna wasomaji wa leo wanaohisi kwamba habari hii imepangwa vizuri mno, na shaka yao nina sababu ya kuiheshimu. Swema hakuiandika mwenyewe. Aliisimulia kwa watu wa misheni, padre Horner akaiweka kwa Kifaransa, na mwaka 1870 ikachapishwa Paris na Monsinyori Gaume, kwa ajili ya Wakatoliki wa Ulaya ambao sadaka zao ziliendesha misheni. Mkono wa kasisi unaonekana katika sala ndefu na katika hotuba za huruma ambazo mtoto wa miaka kumi hazisemi hivyo. Lakini mwanahistoria Edward Alpers, aliyeichunguza habari hii upya mwaka 1983, alionyesha kwamba mambo ya maisha ya Wayao yaliyomo ndani yake, jinsi deni lilivyofanya kazi na jinsi mwanamke asiye na ndugu alivyokuwa hatarini, yanakubaliana na tunayoyajua kwa njia nyingine. Padre aliyetaka tu kuwaliza wasomaji wa Paris angeweza kuanza na bunduki na moto. Deni la mtama ni jambo ambalo lazima litoke kwa aliyeliona.

Nami naamini hata ile siku ya hospitali. Katika mji mdogo kama Unguja ya wakati ule, ambamo wafanyabiashara, watumwa, mabaharia na watawa walipita vichochoro vilevile, kukutana na aliyekuumiza halikuwa jambo la ajabu. Kilicho cha ajabu ni kile Swema alichofanya walipokutana.

Hakuwa peke yake. Wakati masista wakimlea Swema, Waanglikana wa misheni ya vyuo vikuu, iliyoitwa UMCA, walikuwa wameingia Unguja nao. Mwaka 1864 Sultani Majid alimkabidhi askofu wao, Tozer, wavulana watano waliokamatwa katika jahazi. Kutokana na hao watano shule ilianza. Mmoja wao, John Swedi, alipewa daraja la ushemasi mdogo mwaka 1870. Shule ikahamia Kiungani, nje kidogo ya mji, ikajaa wavulana walioteremshwa kutoka majahazi yaliyokamatwa na manowari za Waingereza. Walikuwa Wayao, Wanyasa, Wamakua, Wabisa, na lugha iliyowaunganisha ilikuwa Kiswahili. Mwalimu wao mmoja, A. C. Madan, ambaye wengi wanamjua kwa kamusi zake, aliwataka waandike walikotoka na jinsi walivyokamatwa. Maandishi hayo yalitafsiriwa na kuchapishwa mwaka 1887.

Somo hilo la kuandika lilikuwa na maana kubwa kuliko insha. Mtoto aliyeuzwa mara tatu au nne hubadilishwa jina kila anapobadilishwa bwana, na ukoo wake hauulizwi na mtu. Hapo Kiungani aliambiwa aketi, aseme baba yake alikuwa nani, mto wa kwao unaitwaje, na siku ile nani alilia. Kabla ya kuitwa kwa jina jipya la ubatizo alirudishiwa kwanza lile la zamani. Sijui kama walimu walilikusudia hivyo, lakini ndivyo lilivyofanya kazi.

Mmoja wa wavulana waliopita Kiungani alikuja kuandika kitabu kizima. Ni Petro Kilekwa, Mbisa wa upande wa ziwa Bangweulu, katika nchi ambayo leo ni Zambia. Alikamatwa akiwa mtoto. Mama yake alifuata nyuma ya watekaji kumkomboa, lakini bei ikamshinda, akarudi mikono mitupu. Petro akapelekwa pwani kwa miguu, akapakiwa jahazi la kwenda Uarabuni. Watumwa wengi waliambiwa na wenye majahazi kwamba Wazungu hula watu, ili manowari ikionekana wajifiche wenyewe bila kulazimishwa, na hofu hiyo Petro aliijua. Alikuja kuokolewa na manowari ya Kiingereza iliyoitwa Osprey, akakaa kwa muda na mabaharia, kisha akafikishwa Unguja na kuingia shule. Huko ndiko alikobatizwa.

Kutoka Kiungani alitumwa upande wa ziwa Nyasa kama mwalimu, na hatimaye akawa kasisi. Fikiri maana ya safari hiyo. Njia aliyovutwa kwayo kuelekea baharini, akiwa mali ya mtu, aliirudia kuelekea bara akiwa mhubiri. Kitabu chake kilichapishwa London mwaka 1937, na ukikisoma utaona hajishughulishi kuwalaani waliomteka. Mama yake ndiye anayemrudia, yule aliyesimama mbele ya watekaji akijaribu kulipa.

Hamu hii ya kurudi ilikuwa kubwa kwa wote. Mwaka 1876 Askofu Edward Steere aliondoka Unguja na kundi la watu waliokombolewa, wengi wao Wayao na Wanyasa, kwa nia ya kuwapeleka karibu na kwao, upande wa ziwa. Hawakufika mbali hivyo. Walipofika Masasi wakaona maji na ardhi njema, wakakaa. Ndivyo Masasi ilivyokuwa makao ya Ukristo kusini mwa Tanzania, nusu ya njia kati ya soko waliloponea na vijiji walivyoibwa. Miaka michache baadaye Cecil Majaliwa, Myao aliyekuwa mtumwa utotoni na kusomea Kiungani, alifanya kazi Chitangali miongoni mwa Wayao wenzake, na mwaka 1890 akapewa daraja la ukasisi Unguja. Alikuwa Mwafrika wa kwanza wa misheni hiyo kulipata.

Na soko lenyewe? Tarehe 5 Juni 1873 Sultani Barghash, akibanwa na manowari za Uingereza, alitia saini mkataba wa kufunga masoko ya watumwa. Uwanja wa soko la Unguja ulipatikana kwa misheni ya UMCA, sehemu yake ikitolewa na mfanyabiashara wa Kihindi, Jairam Senji. Siku ya Krismasi mwaka huohuo jiwe la msingi la kanisa likawekwa. Steere alisimamia ujenzi mwenyewe kwa miaka, na alipofariki mwaka 1882 alizikwa nyuma ya altare. Inasimuliwa kwamba altare hiyo iko mahali palipokuwa na mti wa kuchapia watumwa. Ndani pana msalaba uliochongwa kutokana na mti wa Chitambo, ambako wapagazi wa mmisionari na mpelelezi Livingstone waliuzika moyo wake. Nje, tangu mwaka 1998, pamesimama sanamu tano za watu ndani ya shimo, kazi ya msanii Clara Sörnäs, shingoni wana minyororo ya kweli ya zamani. Wageni hupiga picha na kuondoka. Waumini wa Unguja husali hapo kila Jumapili, na ni vyema wakumbuke kwamba waliosali hapo mwanzo walikuwa watu ambao wenyewe waliwahi kupangwa safu na kukaguliwa meno.

Lazima pia isemwe kwamba misheni haikuwa mbingu. Huko Freretown, karibu na Mombasa, mji ulioanzishwa na CMS, shirika jingine la misheni la Kianglikana, mwaka 1875 kwa ajili ya waliokombolewa, kulitokea malalamiko makali kuhusu viboko na vifungo, hata uchunguzi ukafanywa mwaka 1881. Bagamoyo, ambako mapadre wa Roho Mtakatifu walihamishia nguvu zao kuanzia mwaka 1868, vijana waliishi kwa kengele, walifanya kazi kwa kengele na kuoana kwa mpango wa misheni. Watu walitoka kwa bwana mmoja wakakuta wasimamizi wengi. Baadhi walitoroka, na hatuna haki ya kuwalaumu.

Lakini hilo ndilo linalofanya imani ya waliobaki iwe na uzito. Haiwezi kuelezwa kwa shukrani ya chakula na nguo peke yake, kwa sababu chakula kilikuwa na fimbo yake. Nionavyo mimi, walichokipata ni habari ya Mungu aliyeuzwa kwa fedha, aliyechapwa, akatembezwa njiani na mzigo begani mpaka akaanguka. Mhubiri kutoka Oxford alilazimika kuieleza habari hiyo kwa mifano. Waliopita njia ya Kilwa walikuwa na mfano tayari, nao ulikuwa mama zao.

Mwaka 1934 James Mbotela, mtoto wa waliokombolewa na mwalimu wa Freretown, alitoa kitabu cha Uhuru wa Watumwa, kwa Kiswahili, kutokana na yaliyompata baba yake na wenzake. Wengine wamekilaumu kwa kuwasifu Waingereza kupita kiasi, na lawama hiyo ina haki yake. Hata hivyo aliandika, na kwa sababu aliandika, wajukuu wa Freretown wanajua wazee wao walitoka wapi.

Wengi hawakuandikiwa. Habari zao zimo katika vitabu vya ubatizo vya Bagamoyo, Mbweni, Rabai na Masasi, mstari mmoja kwa kila mtu, na katika vinywa vya wazee wachache waliosikia kutoka kwa bibi zao. Vitabu hivyo vinaliwa na mchwa, na wazee wanaondoka. Kama wewe ni wa ukoo uliotoka katika vijiji hivyo, muulize mzee wako mwaka huu, andika anachokijua, na umpelekee nakala katibu wa parokia yako.